Siku Hesabu Ilipotimia

Mlinipa saa ya ukutani siku ya kuniaga, kana kwamba mtu akistaafu ndipo anahitaji kujua ni saa ngapi. Nimeitundika. Iko mbele dakika nne na sitaigusa, kwa sababu miaka yote ya kazi saa yangu ilikuwa mbele na hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kuniona nikichelewa. Mkaniambia pia, “Madam, tuandikie mambo ya kazi, usituache hivi hivi.” Haya basi. Nimekaa hapa Kawangware, kwenye ploti aliyotuachia baba, wapangaji wananipita asubuhi wakienda kazini na kuniuliza kama ni mgonjwa, na mimi naandika. Mambo ya vyeo sitaandika. Anayetaka kujua nilipandishwa lini aende ofisini aulize faili yangu, ni nene na ina vumbi la kutosha.

Nitawaandikia kuhusu programu ya familia ya likizo ya Agosti. Ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Tena kuna siku moja ndani yake ambayo ripoti yake niliiandika kwa mkono wangu, ikapigwa muhuri, ikawekwa kwenye kabati, na si kweli.

Nilianza kazi mbugani nikiwa na miaka ishirini na minne, na aibu yangu kubwa ni kwamba sikuwa nimewahi kuona simba. Msicheke. Kutoka kwetu hadi langoni ni mwendo wa asubuhi moja kwa miguu, lakini nani alikuwa anaenda? Mbuga ilikuwa ya watalii na ya watoto wa shule zenye mabasi yao. Kwenye mahojiano waliniuliza kama nimewahi kumwona simba, nikajibu, “Kwa karibu, hapana.” Wakadhani nimemwona kwa mbali. Nilikuwa nimemwona kwenye kalenda ya duka.

Aliyenifundisha kazi alikuwa dereva wa basi letu, Mzee Mutiso. Hakuwa na cheti chochote cha ualimu, lakini alikuwa ameendesha basi lile tangu viti vyake vikiwa na sponji. Siku yangu ya kwanza alinipa vitu vitatu: filimbi, darubini yenye jicho moja linaloona, na kibao cha kuandikia chenye penseli iliyofungwa kwa uzi.

“Peni utapewa ofisini,” akaniambia. “Iache huko huko. Ikinyesha inakataa kuandika. Penseli haina maringo.”

Kisha akanipeleka mlangoni mwa basi akanionyesha jinsi ya kuhesabu watu. Alisema nisihesabu kwa macho, kwa sababu watoto hawatulii na macho hudanganyika. Nisimame kwenye ngazi, kila anayepanda nimguse kichwa, mkubwa kwa mdogo, na nitaje namba kwa sauti. Akipanda wa mwisho, nitangaze jumla, na basi zima liitikie, “Tumetimia!” na kupiga makofi. Bila hivyo yeye hawashi gari. “Mnyama atakaa kwao,” akasema, “wewe chunga watu.”

Nikaishika kazi hiyo ya kuhesabu kama amri ya kanisani. Nilihesabu watu wakishuka, wakitoka msalani, wakimaliza kula. Watoto wakaniita Madam Hesabu, na kuna waliodhani kweli mimi ni mwalimu wa hesabu niliyepotea njia nikaingia kwa wanyama.

Sasa nyinyi mmezoea kuona familia kutoka Kibera na Kawangware zikija, mnadhani mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. La. Ilibidi tuwaendee. Nilizunguka makanisani, nikaongea na wazee wa msikiti kule Makina, Kibera, nikasimama kwenye vibanda vya maji Mashimoni, huko huko Kibera, nikiwaambia akina mama kwamba kuna basi, kuna siku, na hakuna mtu ataliwa. Swali la kwanza lilikuwa hilo kila mara. La pili lilikuwa, “Na choo kiko?”

Agosti yenyewe mnaijua. Wageni wa nje walikuwa wakitua na kaptula wakiuliza jua liko wapi, na sisi tunatetemeka. Familia zetu zilikuja zimejiandaa: sweta mbili mbili, leso juu yake, na kila mtoto na boshori lake la sufi limevutwa hadi kwenye nyusi. Ukungu ulikuwa unakaa juu ya nyasi hadi saa nne. Twiga unaona shingo tu, miguu hakuna. Mungu wangu, nilipenda asubuhi zile! Basi zima likinyamaza ghafla, watoto hamsini kasoro wanapumua kwenye vioo, halafu mmoja anasema polepole, “Kumbe ni kweli.”

Tulikuwa tunaanza kwa kutembea, na renja mwenye bunduki mbele na mwingine nyuma. Watoto wanapima viganja vyao kwenye nyayo za simba zilizokauka kwenye udongo mweusi. Akina mama wanatajana majina ya wanyama, kila mmoja kwa lugha ya kwao, na kubishana kama fisi wa Magharibi ni mkubwa kuliko fisi wa Ukambani. Akina baba, wale wachache waliokuja, tuliwapa shindano la kuwasha jiko kwenye upepo. Kulikuwa na fundi mmoja wa mawe kutoka Kawangware, mtu wa kifua kipana, aliyekataa kushuka kwenye basi mpaka nimwambie simba yuko wapi. Nikamwambia sijui. “Kama wewe mwenye kazi hujui,” akasema, “mimi niko sawa hapa na dereva.” Alikaa humo siku nzima. Mwaka uliofuata akarudi, akakaa humo tena, na alipokuwa akishuka kwao jioni alinishukuru sana kwa matembezi.

Saa saba ni chakula, kila familia na vyombo vyake, pale mahali pa mapumziko penye meza za mbao na vyoo viwili vya mawe. Chapati, viazi vitamu, maharagwe kwenye sufuria iliyofungwa kwa leso. Nyani walikuwa wanajua siku zetu. Mtalii alikuwa anakuja na mkate mkavu, sisi tulikuja na chapati.

Basi tuje kwa siku yenyewe.

Nilikuwa nimefanya kazi miaka kumi na kitu na nilikuwa nimekuwa mgumu. Sitawaficha. Nilikuwa nimetunga fomu yangu mwenyewe. Ilisema Familia, kisha jina la mzazi, kisha majina ya watoto, na nafasi zilikuwa tano. Mtoto asiye kwenye fomu hapandi. Niliona ni haki: viti ni vile vile, watu ni wengi. Kilichonipita, mimi mtoto wa Kawangware niliyekulia katikati ya wapangaji, ni kwamba kwa watu wa ploti moja neno lile halina maana niliyoipa. Ploti ni vyumba kumi na viwili, choo kimoja, bomba moja, kamba moja ya nguo. Mama mmoja akienda kufua nguo za watu, mwenzake anabaki na watoto wote, anawalisha wote na kuwachapa wote. Ukimuuliza ana watoto wangapi, itategemea ni siku gani.

Siku ya kujiandikisha Mashimoni alikuja mama mmoja wa huko, Mluhya, mfupi, mcheshi, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mama Vero. Alikuwa na wanne wake. Nafasi ya tano akamwandikisha Achieng, msichana wa miaka saba wa mlango wa pili, ambaye mama yake alikuwa akifulia watu nguo kwenye fleti za Nyayo Highrise na hangepata ruhusa siku hiyo.

“Na kuna kengine,” akaniambia. “Kadogo. Halima, wa mlango wa mwisho. Nyanya yake ameniachia.”

“Fomu imejaa, Mama Vero.”

“Huyo hata hahitaji kiti. Nitampakata.”

“Fomu haina kupakata.”

Akanitazama kidogo. “Ni wa ploti, Madam.”

“Fomu haina ploti,” nikamwambia, na nikageukia aliyekuwa nyuma yake. Akasema, “Sawa, Madam,” kwa upole ambao ungenishtua kama ningekuwa na akili siku hiyo.

Asubuhi ya safari basi lilisimama barabarani kando ya Nyayo Highrise. Nilisimama kwenye ngazi kama nilivyofundishwa, nikagusa vichwa, boshori moja baada ya lingine. Arobaini na sita. Fomu zangu zote pamoja zilisema arobaini na sita. “Tumetimia!” wakaitikia, makofi, Mzee Mutiso akawasha gari. Nilikuwa mlangoni, mbele, na nilikuwa nimelipa mgongo dirisha la nyuma. Mnajua tayari. Wakati naona fahari juu ya vichwa vyangu, Halima wa miaka mitano alikuwa anapitishwa dirishani na mikono ya watu waliokuja kutuaga, ndani anapokelewa, anawekwa chini katikati ya miguu ya akina mama na kufunikwa leso. Nusu nzima ya basi ilijua, na kila nilipohesabu mchana ule kabla ya mvua, mtu alikuwa amemficha chini ya leso. Hakuna aliyesema.

Siku ilikuwa nzuri kupita kiasi. Tuliona kifaru na mtoto wake. Achieng namkumbuka mchana ule, kwa sababu alikuwa mtoto wa maswali. Aliniuliza kama simba akijua kuhesabu angejua sisi ni wengi na atuogope. Kisha akauliza, “Na wewe ukisahau mtu?”

“Mimi sisahau mtu,” nikamwambia. “Hesabu isipotimia, gari halitoki.”

Akaridhika, akaenda kucheza.

Saa kumi mvua ikaanza. Si ile ya rasharasha ya Agosti tuliyoizoea, ilikuwa mvua ya kweli, yenye matone mazito, na udongo wetu ule mweusi ukilowa hauna urafiki na tairi. Nikapiga filimbi. Watu wakakimbia na sufuria, na leso, na watoto wasio wao, kila mtu akamshika aliye karibu. Nilisimama kwenye ngazi nimelowa mpaka mfupa nikagusa kila kichwa. Arobaini na nne, arobaini na tano, arobaini na sita. Nikarudia moyoni. Arobaini na sita.

“Arobaini na sita!”

“Tumetimiaaa!” Makofi. Wakaanza kuimba. Tukaondoka.

Tulikuwa tumekwenda kama dakika ishirini, lango linaonekana kwa mbali, nikasikia sauti ile ya ng'ambo ya mto.

“Madam! Simamisha gari.”

“Mama Vero, keti chini, barabara inateleza.”

“Nimesema simamisha! Hesabu yako imetimia.”

“Ndio, imetimia.”

“Haifai kutimia!”

Akasimama katikati ya basi na kumwinua juu mtoto aliyekuwa amelala mapajani mwake, boshori jekundu, macho yamejaa usingizi. “Huyu hukumhesabu asubuhi. Huyu alipitia dirisha. Mimi ndiye nilimpitisha, usiulize mwingine. Tulitoka arobaini na saba. Sasa niambie, kuna nani hayuko?”

Wimbo ulikufa. Mama mmoja nyuma akasema, “Aki Mama Vero, umetuharibia,” kwa maana kila mtu alijua maneno yale yangeweza kufanya nini. Kulikuwa na watu ofisini kwetu, sitawataja, waliokuwa wakisema tangu mwanzo kwamba watu wa vijiji vya mabati hawafuati sheria na programu ipewe wengine. Mama Vero alijua. Angeweza kunyamaza hadi Mashimoni, akashuka, akatafuta njia nyingine ya kusema. Alikuwa analia na bado anaita majina ya wanawe kwa sauti kavu: “Vero! Brayo! Shiko! Toto! Achieng! ... Achieng? Achi!”

Vero akasema, “Mum, si alikuwa ameenda choo?”

Mzee Mutiso hakungoja nimwambie. Alikuwa ameshaanza kugeuza. Kugeuza basi refu kwenye matope yale ni kazi ya dakika nyingi, mbele kidogo, nyuma kidogo, na akina mama walishuka wenyewe kwenye mvua wakasukuma, mahali ambapo sheria inasema hakuna kushuka. Sikuwazuia. Niliita redioni, nikajibiwa kwamba doria iliyokuwa karibu iko upande wa pili wa mto na daraja limefunikwa na maji. Nikatafuta jina lake kwenye fomu. Miaka saba! Na mimi nimemwahidi kwa mdomo wangu. Niliogopa, jamani. Sijawahi kuogopa hivyo kabla wala baadaye, na niliwahi kufukuzwa na nyati.

Nyati tuliwakuta pia, wapo kama kumi, wamesimama katikati ya meza zetu za mbao wakinyeshewa. Mapipa ya taka yalikuwa yamepinduliwa na nyani. Mzee Mutiso akalisogeza basi taratibu, akipiga honi kwa vipande vifupi, mpaka wakajitoa upande wa vichaka, na akaliegesha mlango ukitazamana na vyoo. Mmoja wa marenja wetu akatangulia na bunduki. Mimi nikamfuata. Kitabu cha sheria kinasema renja peke yake. Mama Vero naye akashuka, kitabu hakikumjua.

Choo cha kwanza tupu. Cha pili kimefungwa kwa ndani.

“Achieng!” nikaita.

Kisha kisauti kidogo: “Nani?”

“Ni Madam.”

“Madam nani?”

“Madam Hesabu.”

Komeo likavutwa. Alikuwa amepanda juu ya ndoo, boshori kichwani, uso mkavu kabisa. Alikuwa ametoka mara ya kwanza akawaona nyani mlangoni, akarudi akajifungia, akasikia gari linaondoka. Aliniangalia kama mtu aliyekuwa akingoja chai iletwe.

“Nilijua utakuja,” akaniambia. “Ulisema hesabu isipotimia gari haliendi.”

Na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia, “Ndio. Nilihesabu nikaona hauko.”

Mama Vero alikuwa amesimama pale pale, leso inachuruzika. Alinisikia. Akamvuta mtoto kifuani, akambeba kama mtoto mchanga ingawa miguu ya mtoto ilikuwa inamfika magotini, akarudi naye kwenye basi.

Ofisini niliandika ripoti. Niliandika kwamba mimi, afisa mhusika, nilikosea kuhesabu kwa sababu ya mvua. Mkuu wa kituo aliisoma mara mbili akavua miwani.

“Wewe? Ukosee?”

“Nilikosea, bwana mkubwa.”

“Sikuamini.”

“Ndivyo nilivyoandika.”

Nilipewa onyo na kuwekwa kando ya programu miezi kadhaa. Uongo huo sijutii hata kidogo, na kama mna muhuri mwingine wa kunipiga uleteni. Ningemtaja Mama Vero, watoto wa Mashimoni na Makina na kwetu Kawangware wangekuwa wanaona twiga kwenye kalenda mpaka leo. Na kosa la kweli halikuwa lake. Mtoto alipitia dirisha kwa sababu mimi niliufunga mlango.

Niliporudi nilirarua fomu ile. Fomu mnayoitumia leo, inayoanza na neno Ploti, ambayo mmoja wenu aliniuliza ni nani alikosea kuichapisha, niliiandika mimi. Anayekuja ataje wote anaowalea siku hiyo, hata kama ni tisa, tutabanana. Na kuhesabu vichwa hakukutosha tena. Kila mtu anataja jina la aliyeketi kushoto kwake na kulia kwake, kisha ninauliza kwa sauti, “Nani hayuko?” na tunakaa kimya mpaka kila mama awe ameangalia. Inachukua dakika kumi. Mzee Mutiso alilalamika siku moja tu, kisha akaanza kuzima injini wakati huo ili tusikizane.

Uongo uliokuwa unanila ni ule mwingine, niliomwambia Achieng mlangoni mwa choo.

Kwa sababu Achieng aliendelea kuja. Kila Agosti. Kwanza na Mama Vero, halafu alipokuwa mkubwa akawa anakuja na watoto wa wengine, na sasa analea watoto wa chekechea hapa hapa Kawangware, darasa la mabati lenye picha za wanyama ukutani. Kila mwaka, kabla basi halijatoka, alikuwa anasimama mbele ya watoto wapya na kunishika bega. “Mnamwona huyu? Nilipokuwa kama nyinyi niliachwa kwenye simba, na huyu ndiye alihesabu akaona siko, akarudisha gari. Huyu hawezi kukusahau.” Watoto wananitazama kwa macho ya kuniamini. Nilikuwa nageuka, narudi hadi kiti cha nyuma kabisa, na kuanza kuhesabu upya kutoka mwanzo ingawa nilikuwa nimeshamaliza.

Nilitaka kumwambia mara nyingi. Mara moja nilimvuta Mama Vero kando pale kwenye meza, nikamwambia nafikiri tumweleze yule mtoto ukweli. Akacheka na kunipa chapati. “Madam, mwache aamini mtu wa serikali hata mmoja,” akasema.

Mama Vero alirudi kwao Magharibi miguu ilipomsumbua, na mwaka jana alizikwa huko. Sikuweza kufika mazishini, nilikuwa na basi la familia siku hiyo. Ndipo nikaona kwamba nisipomwambia Achieng mimi, hakuna mwingine atakayemwambia, maana wote waliokuwemo kwenye basi walikuwa wameninyamazia, na mtu aliyemwokoa amelala kaburini huku sifa nimezibeba mimi.

Wiki iliyopita nilitembea hadi kwenye darasa lake. Watoto walikuwa wameenda nyumbani, anafagia. Akanivutia kiti cha mtoto, kile kifupi, akanimiminia chai, nami nikaanza kabla ujasiri haujapoa.

“Achieng, sikukuhesabu.”

Akaendelea kukoroga sukari.

“Siku ile ya choo, nilikudanganya. Hesabu yangu ilitimia. Nilishaondoka, nilikuwa nakaribia lango, nimefurahi. Ni Mama Vero aliyesimamisha gari. Kama si yeye ningefika hadi Highrise bila wewe. Nilipaswa kukuambia akiwa hai. Nisamehe.”

“Najua,” akasema.

“Unajua nini?”

“Yote. Mama Vero aliniambia jioni hiyo hiyo, hata hatujafika nyumbani. Halafu akanikataza nisikuambie kwamba najua. Akasema utaona aibu, na wewe si mtu mbaya.”

Nilikiweka kikombe chini. Nilihisi uso wangu wote unawaka, mtu mzima kama mimi, nimekalia kiti cha chekechea.

“Sasa miaka hiyo yote,” nikamuuliza, “unasimama mbele ya watoto unawaambia huyu ndiye alinihesabu, ulikuwa unanicheka?”

“Kukucheka? Hapana, Madam.” Akaketi kwenye kiti kifupi mwenzake, magoti yetu yakagusana. “Kila nikisema hivyo, wewe ulikuwa unafanya nini?”

Nikafikiri. “Nilikuwa narudi nyuma naanza kuhesabu tena.”

“Eeh,” akasema. “Ndio maana nilikuwa nasema.”